Kiti Kilicholia Dilala

Mji mkuu wa Dola ya Shaba hauna mahali pake. Mfalme Mkuu akifa, unavunjwa. Kuta, paa, mahakama, gereza, hata milango ya jumba hupakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa mkoa mwingine, na huko mji hujengwa upya kwa umbo lile lile la kobe. Mkiani panakaa lango, kichwani kambi ya askari, na katikati, penye moyo, panawekwa Kiti.

Kiti ni cha shaba tupu. Hakuna anayejua nani alikiyeyusha. Kinajulikana kwa tabia moja: kikiwekwa juu ya ardhi yenye uwazi chini yake, kinalia. Zamani mfalme mmoja aliziba masikio kwa nta akakikalia hivyo hivyo, na ardhi ikammeza pamoja na nusu ya baraza lake. Kiti kilifukuliwa, wao hawakufukuliwa. Tangu hapo sheria ni fupi: Kiti kikilia, mji unasonga mbele.

Mwaka huu Mfalme Mkuu alikufa, na nguzo nyekundu za miti za wapimaji zilifika Kolwezi, mji wa machimbo. Lango lilipimwa Manika, nyuma ya soko. Moyo uliangukia mtaa wa Dilala, katika sebule ya mama mmoja aitwaye Ngalula, na nguzo nene kuliko zote ikasimikwa mbele ya mlango wake.

Nyumba hiyo ilikuwa moja ya zile za matofali ambazo kampuni ya zamani iliwajengea wafanyakazi iliowaleta kutoka Kasai. Babu yake Ngalula aliingia humo akiwa kijana. Ngalula alizaliwa humo, akazaa humo, na sasa alikuwa akiuza unga wa bukari, yaani ugali, barazani. Tangazo la Dola lilimwamuru yeye na mtaa wake wahame kabla ya mwezi kwisha, waende kwenye viwanja vya mawe visivyo na maji.

Chini ya meza ya sebule yake palikuwa na shimo.

Halikuwa jambo la ajabu. Mtaa mzima ulikuwa juu ya madini, na mtaa mzima ulichimba. Kuchimba ndani ya nyumba lilikuwa kosa la kunyang'anywa nyumba na kufungwa, kwa hiyo kila mwenye nyumba alitia saini kwamba hana shimo, akarudisha zulia mahali pake, akaendelea kuchimba. Wapimaji walizisoma saini hizo, wakaipaka Dilala rangi ya ardhi ngumu kwenye ramani yao. Waliamini marufuku yao wenyewe.

Siku moja kabla ya Kiti kuletwa, jirani yake Mathieu, ambaye ndiye aliyekuwa akishuka katika shimo hilo na kugawana naye madini, aliingia bila kubisha.

"Mama Ngalula, tujaze hii shimo. Tutie mifuko ya muchanga mpaka juu."

"Hautafika juu, Mathieu. Weye mwenyewe unajua penye uliishia."

"Basi uhame leo, mbele bakuye. Bakikuta shimo, batakufunga. Na miye pamoja na weye!"

"Nikihama, weye utahama, Yolande wa ng'ambo ya barabara atahama, bote batahama. Sikia. Nyumba yangu inapotea njia zote mbili. Lakini njia moja, ya kwako inabakia."

"Unaongea sawa avoka ya mahakama."

"Minasoma sheria yabo. Bao habaisome, banaitungaka tu."

Mathieu alicheka bila kutaka. "Njo weye kabisa. Lakini kesho mi sitakuya kuona."

"Usikuye."

Kiti kililetwa asubuhi, mabegani mwa wapagazi. Madereva wa taksi-moto walizima pikipiki na kutoa simu zao wapige picha. Mpimaji Mkuu, kijana aitwaye Ruffin, mwenye viatu safi na adabu nyingi, alivua kofia mlangoni.

"Samahani sana, mama. Tunaomba sebule tu, kidogo."

"Sebule tu, na jikoni, na Dilala yote," alijibu Ngalula. "Ingia, tata."

Nje watu walicheka. Wapagazi walikitua Kiti karibu na ukuta.

Sauti ilianza chini sana, kama lori linalopanda mlima wa mbali, ikapanda mpaka vikombe vikacheza kabatini. Ruffin aliamuru kisogezwe kona ya pili. Kililia zaidi. Alipoamuru kiinuliwe, kilinyamaza, na kila mtu alisikia Ngalula akiburuta meza. Alikunja zulia, akaondoa mbao, akasimama kando.

"Mama," alisema Ruffin, akilitazama giza lile, "ulitia saini kwamba huna shimo."

"Nilitia. Haikuwa kweli, nilisema bongo. Andika: shimo ni ya Ngalula, na Ngalula alisema bongo."

"Unajua adhabu yake?"

"Mahakama inanihukumu, nyumba inakuwa ya Dola, na mi nafungwa mu gereza ya mji mukubwa. Gereza iko wapi, tata?"

Ruffin alifungua ramani yake.

"Minakuuliza kwa heshima."

"Iko Lubudi," alisema mwishowe. "Stesheni. Kwenye mabehewa."

"Na mahakama?"

"Behewa linalofuata."

Kicheko kilianzia mlangoni kikashuka barabara nzima. Ruffin alivaa kofia yake.

"Shimo moja si kitu," alisema. "Tutalijaza zege. Wakati linakauka, Kiti kitajaribiwa nyumba ya pili."

Hili Ngalula hakulipanga. Alikuwa amepiga hesabu kwamba kukiri kwake kungetosha. Nyumba ya pili ilikuwa ya Mathieu, na Mathieu, aliyesema hatakuja, alikuwa amesimama kwenye uzio. Angeweza kuondoka. Pikipiki zilikuwa tele.

"Kuya kwangu, tata," alisema Mathieu, akarudia kwa nguvu zaidi. "Kuya! Lakini chunga miguu. Shimo yangu iko murefu kupita ya mama."

"Bongo!" alipaza sauti Yolande kutoka ng'ambo ya barabara. "Ya murefu ni yangu! Iko na ngazi!"

"Ngazi ya nini? Ya kwetu inapita chini ya yako!"

Mtaa ukaanza kubishana, mlango kwa mlango, nani amechimba chini zaidi. Ruffin aliwatazama wote, akafunga ramani yake.

"Mji ukikaa mahali, mtaitwa," alisema. "Wote."

"Ukikaa, mutuite," alisema Ngalula. "Tutakuwa hapa."

Wapagazi waliondoka na Kiti. Mbele kidogo walikitua barabarani wabadilishe mabega, kikalia. Walijaribu tena penye kona, kikalia tena. Baada ya hapo hawakupumzika mpaka relini.

Ngalula alijua kwamba Ruffin hakutishia bure. Siku moja mji ungepata ardhi ngumu, na gereza lingeshushwa. Hilo lilikuwa kweli, na halikuwa la leo. Alifagia vumbi lililoangushwa na wapagazi, akatoka nje na shoka.

"Kuta ya shimo inaanguka upande ya chini," alimwambia Mathieu. "Inaomba miti ya kushikilia."

Mathieu alizitazama nguzo nyekundu za Dola, zilizonyooka kwa mstari mpaka mwisho wa mtaa.

"Anza na hii ya moyo," Ngalula alisema, akimpa shoka. "Njo munene kupita zote."