Picha Iliyolazwa Kifudifudi

Shueib Farah alikuwa na ukumbi wa sinema mjini Kisii, na kama watu wote wa kazi hiyo, alikuwa na ugonjwa mmoja: kutojua. Kila mwezi wakala wa Kisumu alimletea bahasha ya picha za matangazo ya sinema, kumi au kumi na mbili, achague nne, moja kwa kila Jumapili. Akichagua vizuri, watu walikaa mpaka madirishani. Akichagua vibaya, aliyaonyesha mabenchi. Na mwenye kuyaonyesha mabenchi mwezi mzima huanza kupata barua za adabu kupita kiasi kutoka Kisumu, ambazo maana yake ni kwamba anatafutwa mtu mwingine.

Wajuzi hawakukosekana. Karani mmoja wa boma alisema picha za farasi haziwezi kuanguka, zikaanguka. Mwalimu mmoja akasema Wagusii hawatazitaka picha za Kihindi kwa kuwa lugha hawaijui. Wakazipenda hata wakawa wanaimba nyimbo zake wakipalilia mahindi, bila kujua wanamwimbia nani. Ukweli ni kwamba jambo hilo halina fundi. Aliyelijua ni mtu mmoja tu, naye hakuwahi kuona sinema maishani mwake.

Huyo ni bibi mmoja wa Marani aliyeitwa Nyamoita. Wenyewe humwita mtu kama yeye omoragori, yule anayeendewa na watu misiba ikizidi nyumbani, awaambie imetoka wapi. Shueib, mtoto wa Kiislamu aliyelelewa na chuo cha Kurani na fimbo za mwalimu, alijua vizuri kwamba kwenda kupigiwa ramli ni haramu. Mara ya kwanza alikwenda kwa utani, mwaka wa hamsini na nne. Mara ya pili hakukuwa na utani tena. Mkewe, Samsam, aliambiwa kwamba Marani kuna mtu wa biashara ya ngozi.

Nyamoita alikuwa na namna yake. Aliipokea picha bila kuitazama, akailaza kifudifudi juu ya mkeka, upande mweupe ukawa juu. Akamwaga nafaka ya wimbi kidogo kwenye ule weupe, akaitikisa karatasi taratibu, akaangalia punje zilikokimbilia. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Hii watu iko mingi." Au: "Hii watu hapana." Hakuongeza neno, na Shueib hakuuliza.

Kwa miaka miwili bibi yule hakukosea. Ukumbi ulijaa. Hata Wasabato waliohubiriwa kwamba sinema ni mlango wa jehanamu walikuja, wakakaa nyuma kabisa, kana kwamba dhambi huishia benchi la katikati. Watu walianza kusema Shueib ana jicho, na Shueib, Mungu amsamehe, alianza kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu anayekubali kwamba kweli analo.

Zile picha alizoambiwa hazina watu hazikurudi Kisumu. Zilikwenda kwa Obadiah Nyamweya wa Keumbu, rafiki yake tangu siku walipojifunza pamoja kuendesha mashine ya sinema. Obadiah alikuwa na lori kuukuu, shuka kubwa jeupe na moyo mkubwa kuliko vyote viwili. Alizunguka Nyamira, Kenyenya na kwingineko, akionyesha makombo ya Shueib kwenye maghala na madarasa. Kanisa lilikuwa limemtenga kwa ajili ya kazi hiyo, lakini Sabato bado aliishika kuliko waliomtenga.

Siku moja mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na sita, Obadiah alikuja kunywa chai, akawa anaucheka mkosi wake mwenyewe. Alisema Nyamira hakupata hata mtu mmoja, kwa sababu Jumapili ileile alizikwa mama wa chifu. Kenyenya vivyo hivyo, ndugu wawili walikuwa wamechukuliwa na mto. Manga, mwalimu mkuu alianguka akafa akiwa ubaoni. Katika nchi ya Wasabato hakuna anayezika Jumamosi, kwa hiyo mazishi huangukia Jumapili, siku yake ya kazi.

"Mimi na kilio tunagombania wateja," alisema Obadiah, "na kilio hakilipishi kiingilio."

Shueib alicheka naye. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Picha ya Nyamira, ya Kenyenya, ya Manga: zote tatu alikuwa amezipeleka Marani, na zote tatu bibi alisema hazina watu. Akaomba radhi, akatoka, akaenda nyuma ya jenereta, akazihesabu upya kwa vidole. Nyamoita hakuwahi kuzisoma picha. Angezisomaje, na uso wa picha uko chini? Alikuwa anawasoma watu, siku hiyo wamekwenda wapi: mazishini.

Mwenye akili angeachia hapo. Shueib aliogopa, tena sana, na akaendelea. Alijiambia kwamba yeye haui mtu, anachagua picha tu. Neno hilo lilimtosha kwa miezi miwili.

Mwezi wa nne ikaja Upanga wa Yatima. Picha hiyo ilikuwa imejaza kumbi Nairobi, ikajaza Kisumu, na sokoni Kisii watu ambao hawajaiona walikuwa tayari wanabishana juu ya mwisho wake. Shueib aliiagiza bila kumwuliza mtu. Mikebe mitano ya filamu ikaja kwa basi siku nyingi kabla ya zamu yake, na kwa kuwa ghala la bati lilikuwa likiwaka jua, Samsam akaiweka chini ya kitanda chao, mahali pa baridi. Samsam alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, na katika nyumba ile hata mlango ulifungwa polepole.

Shueib akaipeleka picha ya tangazo Marani kwa mazoea tu, kama mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha funguo zipo. Nyamoita akailaza, akamwaga wimbi, akatikisa. Safari hii alikawia. Akazikusanya punje, akamwaga tena.

"Siku ya hii picha, watu hapana," alisema. "Na wewe mlango hutafungua. Wewe utakuwa umekaa chini, watu wanakuja kukuambia pole."

Shueib aliisikia sauti yake ikiuliza kama hilo linaweza kubadilishwa. Bibi akazirudisha punje kiganjani, akamjibu kwamba yeye huona tu, hapiki.

Alirudi nyumbani akiendesha gari kama mlevi. Samsam alikuwa amelala ubavu, mkono juu ya tumbo, na chini yake, gizani, ile mikebe mitano. Akaitoa mmoja mmoja bila kumwamsha, akaipeleka jikoni, akaona jikoni ni karibu mno, akaipeleka uani, akaifunika gunia.

Aliwaza kuirudisha Kisumu. Aliwaza kuitupa mto Riana. Lakini hofu ina hesabu zake. Alijiambia kwamba picha aliyoipokea kwa mkono wake ni yake, hata ikiwa chini ya maji, mpaka mwingine aipokee. Na kila alipofika hapo, jina la huyo mwingine lilikuwa tayari linamngoja. Alilifukuza mara mbili. Mara ya tatu akaliacha likae.

Obadiah alipoambiwa achukue Upanga wa Yatima aionyeshe Keumbu Jumapili ijayo, kabla ya Kisii, kwanza alidhani anataniwa. Kisha machozi yakamlengalenga, mzee mzima. Alisema miaka yote amekula ukoko, na leo anapakuliwa chungu kizima.

Alikuja kuichukua na binti yake, Marion, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa likizoni. Likizo zote Marion alimsaidia baba yake: alikata tiketi, na siku za soko alipanda juu ya lori na baragumu la bati akawatangazia watu picha, sauti yake ikivuka bonde. Alikuwa amemletea Samsam fungu la chinsaga, mboga ya kuongeza damu, akamweleza namna ya kuichemsha ili uchungu upungue. Akaomba ruhusa, akaweka kiganja juu ya tumbo la Samsam, na wote wawili wakasikiliza mtoto akigeuka.

Kisha akaiinua mikebe. Aliikumbatia yote mitano kifuani, kidevu juu ya wa mwisho, akamwambia Shueib, "Asante, baba. Hujui umemfanyia nini mzee."

Neno lilimfika Shueib hadi kwenye meno. Wangapi wamewahi kupewa nafasi iliyo wazi namna ile? Akatazama tumbo la mkewe, akalimeza lile neno, akamfungulia Marion mlango.

Alhamisi ilikuwa soko Keumbu. Saa tisa mawingu yalishuka kama kawaida ya nchi ile, na watu wakaanza kufunika bidhaa. Marion alikuwa juu ya lori na baragumu lake. Waliokuwapo wanasema aliambiwa ateremke, akajibu kwamba bado upande wa chini hawajasikia. Radi ilipiga mara moja. Watu wa Kisii radi wanaijua, huchukua mtu au ng'ombe kila mwaka. Ila waliokuwapo siku hiyo waliapa kwamba baragumu liliendelea kutoa sauti kitambo baada ya mwenyewe kuanguka, na kwamba jina la ile picha lilisikika wazi mpaka ng'ambo ya bonde.

Jumamosi ilikuwa Sabato. Mazishi yakawekwa Jumapili.

Jumapili hiyo Shueib hakufungua ukumbi. Nani angekuja? Kisii nzima ilikuwa Keumbu. Alimsihi Samsam abaki, Samsam akasema mtu aliyemshika tumbo hawezi kuzikwa yeye akiwa amelala. Wakaenda pamoja kwa pikapu. Boma la Obadiah lilikuwa limejaa hadi kwenye migomba, na waliokosa nafasi walikuwa wamepanda juu ya ukuta. Shueib hakuwahi kukusanya watu wengi namna ile katika miaka yake yote ya kazi. Jicho lake, lile la sifa, likaanza lenyewe kukadiria ni mabenchi mangapi, naye akajichukia kwa chuki ya kweli.

Karibu na ua akamkuta Nyamoita, amekaa na wanawake waliotoka Marani. Akamsogelea, akainama kama anayemwamkia.

"Magokoro," alimnong'oneza, akimwita bibi kwa Kigusii, "imekwisha?"

Bibi akainua macho. "Ile picha," akauliza, "watu wameiona?"

"Bado. Haijafunguliwa."

"Basi siku yake bado," alisema Nyamoita, akamgeukia mwanamke wa pembeni yake.

Wagusii hawamziki mtu kimya. Kila aliyemjua marehemu husimama akanena, na aliyefiwa ndiye huita. Walinena walimu, wakanena wazee wa kanisa, wale waliomtenga baba mtu. Kisha Obadiah mwenyewe akasimama, koti limemlegea kama la kuazima, akamwita Shueib mbele, akamshika mkono.

"Huyu si wa ukoo wetu wala si wa kanisa letu," alisema. "Lakini alichukua picha bora kuliko zote, iliyokuwa yake, akanipa mimi. Mwanangu alikufa akiwa na furaha kwa ajili ya huyu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sema nao, ndugu yangu."

Nyuso zote zikamgeukia na kunyamaza, kama zinavyonyamaza taa zikizimwa ukumbini. Shueib alitaka kusema. Nakuambia alitaka. Akasema Marion alikuwa mchapakazi na mwenye heshima, na kwamba Mungu ndiye anayetoa na ndiye anayetwaa. Watu wakaitikia amina. Obadiah akamkumbatia, na Shueib akamwachia amkumbatie.

Walipokuwa wanaondoka, Obadiah alikuja mbio kutoka nyumbani na ile mikebe mitano. Alisema yeye hataweza tena kuionyesha, lakini picha nzuri namna ile haifai kulala. Jumapili ijayo Shueib aionyeshe Kisii, ajaze ukumbi, na ikiwezekana alitaje jina la binti yake kabla ya taa kuzimwa. Shueib akafungua mdomo. Obadiah alikuwa amekwisha kufungua mlango wa upande wa pili, anaipanga kwenye sakafu ya gari, mbele ya kiti cha Samsam, kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto.

"Asante," akasema Shueib.

Mvua ilianza kabla hawajafika barabara kuu. Samsam alikuwa amesimama tangu asubuhi, na miguu yake ilikuwa imevimba. Akavua viatu, akaipandisha miguu juu ya mikebe, akasema bati lina baridi, linampa nafuu. Toka Keumbu hadi mjini ni mwendo mfupi, na njia nzima Shueib hakupata neno la kumwambia aishushe.