Mdomo wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu anaitwa Kinanda, na jina hilo hakulipata kwa kuimba. Alipewa na wanawake wa kiwandani, kwa sababu akianza kuongea, cherehani zinazimwa moja baada ya nyingine. Hata chumvi akikuomba, unaona aibu kumnyima. Mimi ni dada yake, tumbo moja, ziwa moja, ila kwenye mdomo Mungu alinibania. Nikiongea mimi, watu wanatazama saa.

Kazi yangu ni kukata. Kiwanda chetu kinashona sare za shule na za walinzi, na hakuna kitambaa kinachofika kwenye cherehani kabla hakijapita mezani kwangu. Kinanda anapiga vifungo. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, nikambembeleza msimamizi mpaka nikajidharau. Sasa sikilizeni asante ya punda.

Bosi, mwenye kiwanda, alitangaza kwamba chumba cha watoto kitageuzwa stoo ya vitambaa. Chumba chenyewe kidogo, kina mikeka, yaya mmoja mtu mzima na dirisha linalotazama uani, lakini ndicho kinachowawezesha wanaonyonyesha kuendelea na kazi. Kikifungwa, nusu ya washonaji wangebaki nyumbani, na wengine mshahara wao ndio unaolisha nyumba nzima. Bosi alikubali kutusikiliza mara moja kabla hajaamua. Tukakaa kikao saa ya chakula tuchague msemaji.

Mimi nilishajiandaa. Kila likitokea neno la kumpelekea bosi, hulipeleka mimi, tangu enzi zile nina kiuno. Hoja nilikuwa nazo: chumba kilipofunguliwa utoro ulipungua, mashati yakaanza kutoka kwa wakati, na mshonaji mpya anayejifunza huharibu kitambaa kingi kuliko ambacho stoo ingeokoa. Nikawa nakohoa nianze, mtu akasema tu, "Aende Kinanda." Mikono ikapanda kama wanagawiwa likizo. Hata yaya alinyoosha, yaya ambaye mimi humkatia nepi bure kwa vipande vinavyobaki.

Kinanda! Mtu asiye na mtoto hata wa kusingiziwa, ndiye akatetee chumba cha watoto. Wivu ulinipanda, nikalirudisha tonge sahanini. Nikasema sawa, vizuri, si damu yangu huyo, na kicheko nikakilazimisha mpaka mashavu yakauma.

Jioni nikamkalisha jikoni nimpe hoja zangu, maana tunaishi pamoja, mimi, yeye na binti yangu. Nikamwambia aanze na utoro, amalizie na kitambaa. Alinisikiliza huku anamsuka binti yangu nywele. Nilipomaliza akaniambia, kwa ule upole wake unaoudhi, kwamba nilichosema ni kweli tupu, ila hakuna mtu ndani yake.

"Bosi atakusikia, Dada," akasema, "halafu atakwenda zake kula."

Nikamjibu kwamba bosi ni mfanyabiashara, haji msibani. Tukalala tumenuniana.

Siku ilipofika, bosi alikuja chumba cha kukatia, akaketi juu ya robota la kitambaa, miguu ikining'inia. Tukamzunguka, wengine na watoto mgongoni. Kinanda akaanza. Hoja zangu alizitaja zote, hakuruka hata moja, ila alizipitisha haraka, kama mtu anayefagia wageni wakiwa mlangoni. Bosi akasema hayo yote anayajua, na stoo bado anaihitaji. Hoja zangu zikaanguka hivyohivyo, pu. Nikajiambia kosa ni la yule aliyezisema ovyo.

Kinanda akamsogelea bosi hatua moja. Kisha akaendelea kwa sauti ndogo, mpaka walio nyuma wakasogea mbele. Akasema kabla ya hapa alifanya kazi kwenye karakana isiyo na chumba cha watoto. Mwanawe alimlaza chini ya meza ya pasi, juu ya makombo ya vitambaa. Siku moja mtoto akauvuta waya, pasi ikashuka.

"Sikumsikia akilia, kwa kelele za cherehani," akasema. "Nilisikia harufu. Nikadhani nimeunguza shati. Nikamwogopa msimamizi, bosi. Nilimwogopa msimamizi kwanza, ndipo nikamtazama mwanangu."

Mtoto yule ni wangu. Meza ile ilikuwa yangu, shati langu, na ile hofu ya msimamizi nilimwambia Kinanda peke yake, siku moja tu, nimejifunika shuka mpaka usoni. Binti yangu mpaka leo havai mikono mifupi. Na nusu ya wanawake waliosimama pale wanamjua, kwa sababu akija getini ananiita mama mbele ya macho yao. Hakuna aliyekohoa. Walikuwa wanajua kwamba wanadanganywa, na walikuwa wanalia. Nami mwenye kidonda nililia nao, kwa sababu sijawahi kusikia jambo langu likisimuliwa vizuri namna ile. Na papo hapo nilimchukia mdogo wangu.

Bosi akashuka kwenye robota. Hakumtazama Kinanda, alinitazama mimi.

"Mama Mkasi," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "watu wananililia kila siku. Lakini wewe uliniambia mbele ya wateja wangu kwamba nimenunua kitambaa kibovu, na kweli kilikuwa kibovu. Sasa niambie. Haya aliyosema ni kweli?"

Wote wakanigeukia. Neno moja tu lilitosha. Ningesema huyu mwongo, mtoto ni wangu, Kinanda angeaibika asiinue uso tena, na akina mama wangefungasha watoto wao warudi nyumbani. Neno lenyewe lilishafika kwenye ncha ya ulimi, na lilikuwa tamu, sidanganyi. Nikamwona mshonaji wa kola, msichana mwenye mapacha, ameuma kidole kama anataka kukikata.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikuwepo."

Bosi akasema stoo ataitafutia pahali pengine, chumba cha watoto kisiguswe. Alipotoka tu, wanawake walimrukia Kinanda. Wakamkumbatia, wakamfuta machozi, wakampa pole, hata wale wanaojua. Pole, mama, pole sana kwa yaliyokukuta. Mimi hakuna aliyenipa hata mkono. Nikarudi mezani nikaanza kukata suruali za walinzi, na zile nilizokata siku ile nadhani zinawabana mpaka leo.

Saa ya kutoka nikamsubiri nje ya geti. Nilimwambia maneno ambayo mengine siwezi kuyarudia, na jepesi kuliko yote lilikuwa mwizi. Hakubisha. Akasema alikusudia kusema "mtoto wa dada yangu", ila alipofika hapo mdomo ulishika njia yake.

"Si wanasema asiye na mwana aeleke jiwe?" akasema. "Nimeeleka, Dada. Namsuka, namfulia, akiumwa naamka kabla yako, halafu nikimpeleka shule wananiuliza mama yake yuko wapi. Leo nilitaka nilitue hilo jiwe kidogo. Niseme mwanangu mbele za watu, na asiwepo wa kucheka."

Machozi yakamtoka. Yalikuwa yaleyale aliyomtolea bosi, kwa mwendo uleule, na sauti aliishusha vilevile, mpaka nikajikuta nimemsogelea ili nimsikie. Nilijua kabisa ananifanyia nini. Kazi yake naijua kama ninavyojua kitambaa nikikishika, na sikuweza kujua hapo machozi ya kweli yanaishia wapi. Nikamwamini hivyohivyo. Nikamshika mkono tukarudi nyumbani, mtoto anakotusubiri, na njia nzima nilitamani kumzaba kofi.