Kisogo cha Kompyuta ya Samruai

Hebu niambieni, mmewahi kumwona mtu akipaka kisogo poda akidhani ni uso? Mimi nimemwona, tena si mtu wa mbali. Ni wifi yangu Samruai, dada wa marehemu mume wangu, yule mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa kwetu Nong Waeng. Na kisogo chenyewe hakikuwa cha binadamu. Kilikuwa cha kompyuta.

Mwanawe, Wichai, ndiye aliyeileta kutoka Bangkok. Aliipanga sebuleni juu ya meza iliyokuwa ya cherehani: kioo upande mmoja, kasha lenyewe la bati upande wa pili. Akaunganisha nyaya, akamfundisha mama yake kuiwasha na kutazama sidii za waimbaji wa molam, zile nyimbo za kwetu za mashambani, akamwambia, "Mama, huko nyuma usiguse kitu," kisha akarudi kazini kwake.

Kumwambia Samruai asiguse ni kama kumwambia kuku asiparue.

Kwetu kitu kipya hakitumiki hivi hivi. Iwe gari, iwe kibao cha duka, iwe trekta la kusukuma kwa mikono, lazima mtawa aje akipake nukta tatu za chokaa laini nyeupe, abandike juu yake ngozi ya dhahabu, nyembamba kama ganda la kitunguu, anyunyize maji, ndipo kiwe na heri. Sikatai. Hata pikipiki ya mume wangu ilipakwa, ingawa heri hiyo haikuwahi kumzuia kuingia nayo mtaroni. Lakini Samruai hakutaka heri tu. Alitaka kijiji kizima kije kimwone akipata heri. Akapika, akaalika, akatandika mikeka mpaka uani. Na kwa kuwa kitu cha kubarikiwa lazima kitazame mashariki, ikabidi aligeuze kasha. Nyaya zikamvuta. Akazing'oa zote kwa mkupuo kama ang'oavyo miche ya mpunga kitaluni, akazitupia kapuni.

Mtawa mkuu akaja, akachovya kidole kwenye bakuli, akauliza, "Uso wake uko wapi?"

Swali la haki kabisa. Upande mmoja wa kasha ulikuwa mtupu, rangi ya maziwa, una kitufe, una droo nyembamba ya sidii na upenyo mwembamba zaidi chini yake. Upande wa pili ulikuwa na vitundu vya kila namna, vya mviringo, vya bapa, vya meno, na feni nyuma ya wavu. Samruai aliutazama huu, akautazama ule, akaonyesha wenye matundu.

"Huku, Baba Mtawa. Huku kwenye macho na midomo."

Nilikuwa nimekaa nyuma natafuna tambuu yangu. Nikamwambia jirani, kwa ile sauti ninayoijua mwenyewe, ya chini lakini inayofika, "Nani amewahi kuona kitufe cha kuwashia redio kikiwa mgongoni? Leo kisogo kimepata heri, uso utajitafutia wenyewe."

Watu wakacheka ndani ya viganja. Samruai alinisikia, maana masikio yake yaligeuka mekundu, lakini mtu aliyevaa hariri mbele ya watawa hawezi kujibu. Mtawa akapaka. Chokaa ilikuwa majimaji siku hiyo, ikatiririka mpaka kwenye vitundu viwili bapa vilivyolaliana, na ngozi ya dhahabu ikabandikwa papo hapo na kukandamizwa kwa kidole gumba. Shada la asumini likatundikwa kwenye wavu wa feni. Mtu angeweza kupiga magoti mbele yake.

Wageni walipoondoka, Samruai akarudi kwenye kapu lake la nyaya. Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Kumpigia Wichai simu hakuweza, kwa sababu alishaambiwa asiguse, tena alishatutangazia wote kwamba kompyuta anaijua ndani nje. Basi akaifunika kitambaa chenye nakshi, na kila aliyeuliza akajibiwa, "Inapumzika. Heri inakauka kwanza."

Mtadhani nilifurahi. Nilifurahi, naam, kwa siku ya kwanza. Baada ya hapo furaha ikaanza kuniwasha, maana ndani ya kifuko changu cha tambuu nilikuwa na kitu ambacho bila kompyuta ile kilikuwa jiwe tu.

Ilikuwa flashi, kijiti cha plastiki kama kidole cha mtoto, ubavuni kimechorwa bendera ya Norwe. Binti yangu Duangchan ndiye aliyeituma. Ameolewa huko, na huko amejifungua mtoto ambaye sijawahi kumtia machoni. Picha ya karatasi hakuleta. Aliniambia kwa simu, "Mama, picha haichezi. Humo utamwona anavyocheka." Nikaenda nayo mjini kwenye duka la vijana wanaocheza michezo ya vita. Mwenye duka, kijana mwenye nywele kama mgomba uliopigwa na upepo, alikataa hata kuishika. Eti huenda ina virusi.

"Virusi gani? Imekuja kwenye bahasha, ina gundi pande zote. Wangeingilia wapi?"

"Bibi, hawa hawaingii kwenye bahasha."

"Basi wangu ni wa adabu kuliko wateja wako," nikamwambia, nikatoka.

Kwa hiyo ilibaki kompyuta ya Samruai. Na kwa Samruai nilikuwa nimeapa kutoomba hata chumvi. Siku tulipomfunga Duangchan nyuzi mikononi, kumwozesha kwa yule mzungu wake mpole mwenye kipara, wifi yangu alisema mbele ya watu waliokuwa wakila, "Mnampeleka, mpelekeni. Ila wajukuu watakaozaliwa kule hawatakuwa wako. Watakutazama kama mtu wa kwenye televisheni." Wengine walicheka. Nililimeza neno lile kama mwiba wa samaki, na likakaa pale pale lilipokwama.

Lakini kutoomba si kutokwenda. Asubuhi moja nikajitwika kapu la wali wa kunata, nikabisha hodi.

"Nimekuja kumjulia hali mgonjwa."

"Mgonjwa yupi?" Samruai akauliza.

"Huyo uliyemfunika sanda."

"Hicho ni kitambaa cha hariri, wifi. Ila wewe hariri ungeijulia wapi?"

"Kwenye sanda za matajiri."

Akasonya, akaifunua. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka kuitunzia siri. Tukamwaga nyaya mkekani, tukaketi kama wanawake wanaochambua dagaa, na ndivyo tulivyoketi siku zilizofuata, tukitukanana na kujifunza kitundu kimoja kimoja.

Waya wa umeme haukutusumbua, kichwa chake kinene kina tundu lake moja tu linalokitosha. Waya wa kioo nao ulikuwa na kichwa cha buluu chenye vijisindano vingi na skrubu mbili za pembeni, na nyuma ya kasha palikuwa na mahali pa buluu, palipopangwa vijitundu kama sega la nyuki. Kazi ilikuwa kwenye kibodi na kipanya. Vyote viwili vina kichwa cha mviringo chenye vimeno vyembamba kama miiba ya samaki, na matundu yake yameambatana kama mapacha. Samruai akashika kichwa cha kipanya, akakisukuma kwenye tundu la juu kwa nguvu za mtu anayekoboa mpunga.

"Utavivunja meno!"

"Nitavunja yako, yaliyobaki."

"Tazama rangi, mwanamke! Hicho ni kijani, nawe unakitia kwenye zambarau. Wewe nguo zako unazishonaje, uzi wowote kitambaa chochote?"

Akatazama. Akakichomoa, akakitia kwenye kijani, kikaingia kama mguu kwenye kandambili. Hakusema asante, na mimi sikuingojea.

Palibaki waya wa vipaza sauti. Kichwa chake kilikuwa kama msumari, na vijitundu vya kukipokea vilikuwa vitatu: cha waridi, cha kijani kibichi, na cha buluu. Samruai akautia kwenye waridi pasipo kufikiri.

"Mimi nimezaliwa Jumanne," akasema. "Rangi ya siku yangu ni waridi. Kompyuta yangu, sauti yangu, tundu langu."

Tukabonyeza kitufe. Taa ikawaka, feni ikaanza kukwaruza majani makavu ya asumini, kioo kikaja rangi ya bondeni kwetu baada ya mvua. Droo ikatoka, akailaza sidii, droo ikarudi. Mwimbaji wa molam akaonekana anafungua kinywa, anarusha mikono, anazungusha kiuno. Kimya. Bubu mtupu.

"Jumanne yako haina sauti," nikasema. "Jaribu Jumatano."

"Jumatano ni yako!"

"Na rangi yake ni kijani. Jaribu."

Alinitazama jicho la chuki mpaka nikasikia joto. Kisha akauhamisha. Nyumba nzima ikajaa filimbi za mianzi na sauti ya mwanamke anayemlilia mume aliyekwenda kuvuna miwa. Samruai akaruka hadi dirishani, akawapigia kelele majirani, "Imemaliza kupumzika! Niliwaambia ina mapumziko yake!" Hata jina langu hakulitaja. Ndivyo alivyo, mkono ukimlisha yeye husifu kijiko.

"Kaa," akaniambia, roho imemkunjuka. "Nakwenda kututwangia kachumbari ya papai bichi. Usiguse kitu."

Hivi kumbe neno hilo la mwanawe alilisikia vizuri.

Nikangoja mpaka niliposikia mchi ukigonga kinu, to, to, to. Nikatoa flashi kifukoni, nikaifuta tambuu, nikainama nyuma ya kasha. Nilishajua panapoitosha, kwa umbo. Ni kwenye vile vitundu viwili bapa. Nikakigusa cha kwanza, kigumu. Cha pili, kigumu vile vile. Chokaa ya heri ilikuwa imekauka ndani kama jino lililozibwa, na ngozi ya dhahabu inang'aa juu yake, inanitazama kwa kiburi cha mwenye nyumba. Nikachomoa pini nyweleni, nikachokonoa. Pini ikapinda. Sijawahi kuona baraka iliyofunga mlango namna ile.

To, to, to, mchi uliendelea.

Pembeni palikuwa na tundu jingine, pana, la mraba, ambalo hatukulipatia waya. Nikaisukuma flashi humo. Ikaingia! Ilicheza kidogo, kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba, lakini iliingia. Nikakimbilia mbele kwenye kioo. Yule mwanamke wa molam bado alikuwa anamlilia mume wake. Nikapeleka mkono nyuma, nikaitikisa flashi. Analia. Nikarudi nyuma nikaigeuza, nikarudi mbele. Analia tu, hana habari na mjukuu wa mtu.

Nilikuwa nimesahau kusikiliza kinu. Samruai alikuwa amesimama mlangoni, mchi mkononi, unadondosha maji ya samaki wa kuvundika sakafuni.

"Umetia nini kwenye kompyuta yangu?"

"Kizibo. Mijusi isiingie."

"Kizibo chenye bendera?"

Akaja, akakichomoa kwa vidole viwili, akakitazama mbele na nyuma. Nilitamani mkeka unifunike. Nilikaa nimenyoosha shingo, maana hiyo peke yake ndiyo niliyokuwa nayo ya kunyoosha.

"Hii ni ya Duangchan," akasema.

Nikapeleka mkono niichukue, akaisogeza mbali.

"Yule kijana wa duka la mjini hununua mchele kwangu, wifi. Nimejua tangu siku aliyokufukuza. Nikasema, atakuja. Ukaja. Umetukana kasha langu, umetukana hariri yangu, umetukana siku yangu ya kuzaliwa, na papai langu umekula kila siku. Kusema, hukusema."

"Kwani na wewe ulisema nyaya zimekushinda?"

"Hazikunishinda. Zilikuwa zinapumzika."

Akaushusha mchi, akapita upande wa mbele, ule mtupu wa rangi ya maziwa, ambao heri haikuufikia. Chini ya droo palikuwa na kifuniko kidogo nilichokidhania kuwa pambo. Akakibonyeza kwa ukucha. Kikafunguka. Ndani mlikuwa na vitundu viwili bapa, safi, vyeusi, havijaguswa na chokaa wala dhahabu.

"Wichai alitilia hapa ya kwake," akasema.

"Kumbe uso ulijua ulipo!"

"Nilijua mlango ulipo. Uso ni habari nyingine."

Akaileta flashi hadi kwenye kitundu, ncha ikagusa ukingo, akaisimamisha hapo hapo. Mkono wake ulinuka ndimu na pilipili.

"Sema," akaniambia.

"Niseme nini? Macho huna?"

"Macho ninayo. Siku ile ya harusi mimi nilisema kwa kinywa changu, watu wote wakasikia, na tangu hapo hakuna mjinga kijijini asiyeniambia nilikosea. Wewe peke yako hujafungua kinywa. Leo sema na wewe. Humu ndani mna nani, na ni wa nani, na unataka nini. Sema, niisukume."

Mwimbaji alikuwa amefika mwisho wa wimbo, ikabaki feni tu ikikwaruza asumini. Niliutazama ule mkono. Niliutafuta mwiba wangu kooni niung'ate kama kawaida, lakini kinywa kilishatangulia.

"Mna mjukuu wangu," nikasema. "Ni wangu. Nataka kumwona akicheka."