Mstari Uliolala

Msinilaumu bado, nisikilizeni kwanza.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho wa hesabu, mimi ndiye niliyeviweka vikokotoo vya grafu katika hali ya mtihani: kumbukumbu yote inafutwa, kijitaa kinaanza kuwaka na kuzima, hakuna wa kuingia na majibu ya kuficha. Thelathini na vitatu, pamoja na vya akiba. Kufuta huko hurudisha mashine kwenye kupima pembe kwa digrii, na maswali yetu ni ya radiani, kipimo kingine cha pembe; kwa digrii wimbi huonekana kama mstari ulionyooka. Kila mwaka mimi huvibadilisha mwenyewe. Mwaka huu kahawa ilikuwa inapoa, nikasahau. Pumbavu mimi!

Bibi Hoekzema, katibu wa mitihani, akasimama mbele ya ukumbi wa michezo akasoma kanuni. "Msimamizi akimsaidia mtahiniwa hata kwa neno moja, karatasi ya mtahiniwa inafutwa." Kisha akanigeukia. "Umesikia, Harm?"

"Nimesikia, mama. Mimi si kiziwi."

Wengi walibadilisha wenyewe walipoketi, kama nilivyowafundisha. Wietske hakubadilisha. Wietske Dijkema, binti mbishi kuliko wote niliowahi kufundisha, alikuwa amekwisharudia mwaka, na shule yetu hairuhusu kurudia mara mbili. Alihitaji alama sita kati ya kumi za hesabu. Akiikosa, anatoka bila cheti.

Nilipita nyuma yake alipofika kwenye maswali matatu ya mawimbi. Kwenye kioo cha kikokotoo, pale wimbi lilipotakiwa kupanda na kushuka, palikuwa na mstari umelala kimya. Akaufuta, akauchora upya. Ukalala tena. Hapo ndipo nilipoikumbuka digrii.

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, mashine yangu imekufa. Naomba ya akiba."

Alhamdulillahi, nikasema moyoni, mimi mtu wa kanisani! Ya akiba inaruhusiwa. Nikaenda mezani karibu nikikimbia, nikampa. Nilipogeuka ndipo nikakumbuka ni nani aliyeitayarisha.

Akachora. Mstari ukalala.

Sasa mashine mbili zilikuwa zikimwambia jambo moja, na mtoto akaona basi mkosaji ni yeye. Akaanza kukata kazi yake, ukurasa mzima, kazi niliyoiona kwa macho yangu kuwa ni sahihi. Machozi yakadondokea karatasi. Nilitaka kulia naye. Kisha akainama, nywele zikafunika kioo, nikawa sioni kitu ila mabega yake.

Nikamwendea Bibi Hoekzema, nikamnong'oneza yote.

"Andika kwenye ripoti," akasema. "Ila kwake, funga kinywa."

"Mtoto anazama, mama!"

"Ukimwokoa unamzamisha. Kaa chini, Harm."

Nikakaa. Saa ya ukutani ikala dakika kumi, kumi na tano, ishirini. Wietske hakuinua kichwa. Nikajiambia amekata tamaa, amelala juu ya karatasi. Nikajiambia nimemlea miaka mitatu ili nije nimchinje kwa uzembe wangu. Zikabaki dakika ishirini na tano. Moyo haukustahimili.

"Wietske! Digrii! Iko kwenye digrii!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mtu akaangusha rula. Viatu vya Bibi Hoekzema vikaja vikigonga sakafu, akanipita bila kunitazama, akasimama kwenye meza ya Wietske na kunyoosha mkono.

"Nipe karatasi, mwanangu. Pole sana."

Wietske aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa makavu. Chini ya kazi iliyokatwa palikuwa na kurasa mbili mpya, safi, maswali yote matatu yamejibiwa, na kwenye kioo wimbi lilikuwa limepanda na kushuka vizuri kabisa.

Akampa karatasi. Kisha akanitazama mimi, si kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nilikuwa nimeshaona, mwalimu," akasema. "Zamani."