Siku Mkwe Wangu Alipoketi Kando Yangu

Kabla hatujapanda ndege, Kabibi alichutama mbele yangu pale uwanjani Nairobi, akanifunga vizuri kamba za raba zangu, akaniambia mambo mawili.

"Hawe, humo ndani niko kazini. Tafadhali usiniite mke mwenzako mbele ya abiria."

"Na nikisahau?"

"Ukisahau nakunyima karanga."

Kabibi ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Kanze. Ananiita hawe kama wajukuu wa Kigiriama wanavyowaita bibi zao, nami namtania hivyo kwa sababu babu yake, Mungu amrehemu, alimwita mke wake tangu akiwa mchanga. Sasa ana miaka ishirini na tisa, na ndani ya ndege ndiye mkuu wa wahudumu.

"La pili," akasema, "tukikaribia Malindi utasikia mngurumo chini ya miguu, kisha kishindo. Ni magurudumu yanatoka. Usishtuke."

Nikayashika yote mawili.

Nilikuwa nimekwenda Nairobi kutibiwa goti. Kanze ndiye angenisindikiza, lakini malaria ilimlaza siku ya safari, ikabidi aje mumewe, Mwaringa. Mwaringa ni seremala, karakana yake iko Kisumu Ndogo, hapo hapo Malindi. Ni mtu mpole, hajanikosea hata siku moja. Lakini ni mkwe wangu, na kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hatupeani mkono, hatuketi pamoja, hatutazamani usoni. Siku nne hospitalini, kila alipotaka kunisemesha alimtumia nesi. "Sista, mwambie mama uji umefika." Na mimi nimelala hatua tatu tu kutoka kwake, namsikia. Yule nesi mwanzoni alicheka, baadaye akazoea, akawa ananiletea salamu zangu kwa upole kama zimetoka mbali.

Basi Kabibi alitupangia viti kwa adabu. Baba yake alikaa mbele kabisa, safu ya pili. Mimi nikakaa nyuma, karibu na choo, na kiti cha pembeni yangu hakikuwa na mtu.

Kulikuwa na jambo jingine baina ya Mwaringa na mwanawe. Mwaringa alitaka Kabibi awe mwalimu. Binti alipochagua kazi ya ndege, baba alinuna mwezi mzima. Tangu hapo, mtu akimuuliza Mwaringa binti yake anafanya kazi gani, yeye hujibu, "Anagawa karanga angani." Watu hucheka. Kabibi naye hucheka, lakini mimi ninalijua cheko lake la kweli, na hilo silo. Miaka sita baba hakuwahi kumwona akiwa kazini hadi siku ile.

Ng'ambo ya njia, karibu nami, aliketi Bwana Njoroge, mwenye duka la magodoro Malindi. Begi lake lilikuwa kubwa, akalisukuma mbele ya miguu yangu. Kabibi akaja kulichukua.

"Wewe msichana, unajua humu ndani mna nini?"

"Sijui, mzee wangu. Ninachojua ni kwamba goti la bibi huyu halina pa kwenda."

Akalipandisha begi juu kwa mkono mmoja, akaenda zake. Bwana Njoroge akaguna.

Safari yenyewe ni fupi. Niliiona nyika ikiisha, nikauona Mto Sabaki, mwekundu, ukiingia baharini. Mngurumo ukaja chini ya miguu, nami nikatulia, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa. Kishindo kikaja. Halafu mngurumo ukaja tena, na mara ya tatu. Nikawaza, Kabibi hakusema mara tatu.

Ndege ikapita chini chini juu ya uwanja wa Malindi bila kutua. Niliwaona watu wamesimama nje wakitutazama, mikono juu ya macho. Kisha tukapanda tena, na sauti ya mwanamke ikasikika.

"Abiria wetu, mimi ni rubani wenu, Mumbua. Gurudumu la mbele limetoka nusu tu, na limekataa kushuka lote. Yale mawili ya nyuma yako sawa. Tutakwenda kutua Mombasa, uwanja ni mrefu zaidi na wazima moto wako tayari. Kwanza tutazunguka kidogo ili mafuta yapungue. Wasikilizeni Kabibi na Gerishom."

Gerishom ni kijana, mhudumu mwenzake Kabibi. Watu walianza kulia. Mama mmoja aliimba pambio kwa sauti ya kutetemeka. Bwana Njoroge alisimama, akapaza sauti, "Tunakufa na hamtuambii!"

Kabibi alikuja polepole, kama mtu anayetembea uani kwao. Mimi sikumtazama uso. Nilitazama mikono yake. Mtu anaweza kuuficha uso, mikono haifichiki. Ilikuwa imetulia.

"Mzee wangu, umeambiwa yote tunayoyajua. Kaa, nikuletee maji."

Akamletea. Alimshikia kikombe mpaka akanywa, kwa kuwa mikono ya yule bwana ndiyo iliyokuwa ikitikisika.

Tulizunguka karibu saa nzima. Hori la Kilifi na daraja lake nililiona mara nne, na mapaa ya hoteli za Kikambala mara nne. Nilimwomba Mungu, lakini sikujiombea mimi. Mimi nina miaka sabini na minane. Niliomba Kabibi asife akiwahudumia watu, baba yake akabaki hajui alikuwa na mtoto wa namna gani. Baadaye nikakumbuka kwamba baba naye yumo humu humu, nikaomba upya.

Kisha Kabibi akasimama katikati ya njia. "Rubani anataka uzito uwe nyuma, ili pua ya ndege ichelewe kugusa chini. Walioko mbele wote watahamia nyuma. Na kila asiyejiweza atakaa na mtu mwenye nguvu wa kumtoa."

Akawapanga mmoja mmoja, akawagusa mabega. Alimkabidhi mama mwenye mtoto kwa kijana mmoja mwanajeshi. Halafu akanitazama mimi, akatazama kile kiti kitupu, akamtazama baba yake aliyesimama njiani.

"Baba, kaa pale."

"Pale kwa mama?"

"Pale."

"Kabibi, yule ni mkwe wangu. Nitafutie kwingine. Nitakaa hata chini."

"Chini hapana mkanda. Baba, hapa ndani mimi ndiye ninayepanga watu. Ukishashuka utarudi kuwa mkwe."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema Kanze anapomwambia mtu chakula kimeiva. Mwaringa akasimama na kofia yake mkononi, amejaa aibu, na watu nyuma yake wanangoja. Mimi nikavuta leso yangu, nikampa nafasi.

"Njoo, mwanangu," nikasema.

Miaka thelathini na mmoja ameoa kwangu, na hilo ndilo neno la kwanza nililompa moja kwa moja. Akaketi.

Kabibi akapita kukusanya vitu vigumu: kalamu, funguo, miwani. Aliponifikia alipiga magoti, akaupitisha mkanda wangu chini ya mafundo ya leso, akaukaza. Akanong'ona, "Hawe, na kile cha kifuani."

"Kipi?"

"Hawe."

Nikatoa kopo langu la tumbaku ya kunusa. Nina miaka ishirini tangu nilipomwambia mchungaji kwamba nimeacha. Mwaringa akatazama dari, nikamwona anauma mdomo asicheke. Bwana Njoroge yeye alicheka kabisa, akatia mkono ndani ya koti, akatoa kichupa cha pombe. "Chukua na hiki, binti yangu," akamwambia Kabibi. "Bibi asiaibike peke yake." Tangu hapo hakumwita msichana tena.

Tulifundishwa kuinama, kichwa magotini, mikono juu ya kichwa. Mwaringa akainama upande wake, mimi upande wangu. Gerishom alibaki nyuma yetu, na Kabibi akaenda kufunga mkanda kwenye kile kiti kidogo mbele, mlangoni, kule ambako pua ingeanguka. Huko hakukuwa tena na mtu ila yeye.

"Mama," Mwaringa akasema akiwa ameinama, "kumbe yeye anakaa kule?"

"Ndiko anakokaa siku zote."

Akainua kichwa kidogo, akamtazama, akainama tena.

Magurudumu ya nyuma yaligusa chini taratibu sana. Tukakimbia, tukakimbia, pua iko juu, kimya, mtu hata hakohoi. Halafu mbele kukashuka. Kelele ile ilikuwa kama sufuria kubwa linaburutwa kwenye saruji, na harufu ya chuma kilichoungua ikaingia. Ndege ikatetemeka kila mahali. Mkono ulikuja ukakishikilia kichwa changu kisigonge kiti cha mbele. Ulikuwa mkono mpana, mgumu kwa kazi ya randa. Haukuondoka mpaka tukasimama.

Hapo ndipo nilipomsikia Kabibi akipaza sauti kwa mara ya kwanza tangu alipozaliwa.

"Fungueni mikanda! Acheni mizigo! Njooni kwangu! Njooni kwangu!"

Ile sauti ilijaa ndege nzima. Watu waliokuwa wameganda wakainuka. Mwaringa akatangulia mbele yangu, akageuka akasema, "Mama, shika mabega." Nikayashika. Ndege ilikuwa imeinamia mbele, tukatelemka njiani kama watu wanaoshuka kilima, na goti langu lilivyo, bila mabega yale ningekaa pale pale. Bwana Njoroge alipita chini ya begi lake, hakuliangalia. Mlangoni Kabibi alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine unawatoa watu. Aliponitoa mimi hakusema hawe. Alinitoa kama alivyowatoa wote, nami nikafurahi.

Tulikusanyika kwenye nyasi, mbali, huku wazima moto wakimwaga povu. Gerishom alituhesabu. Abiria hamsini na wawili. Marubani wawili walikuwa wameshuka. Kabibi hakuwemo.

"Yuko wapi?" Mwaringa akauliza.

"Anapita viti vyote kuhakikisha hakuna aliyebaki," Gerishom akasema. "Yeye ndiye wa mwisho."

Mwaringa akaanza kukimbia kuelekea kwenye ndege. Mzima moto mmoja akamkumbatia kumzuia, naye akawa anapiga kelele, "Mwanangu yumo! Yule ni mwanangu!" Mtu ambaye kwa miaka sita hakutaka kulisema hilo sokoni, sasa alilisema uwanja mzima usikie.

Kabibi akatokea mlangoni. Kofia yake ndogo imekaa sawa. Akashuka, akavuka nyasi, akaanza kutuuliza mmoja mmoja kama tumeumia. Alipomfikia baba yake, Mwaringa alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakigeuza huku na huku kama anakagua mlango aliouchonga mwenyewe.

"Baba, niache nimalize kazi," Kabibi akasema.

"Maliza," akasema. "Maliza kazi yako."

Na mimi nilisahau ahadi. Nilimwita kwa sauti, "Mke mwenzangu!" Abiria wote wakageuka. Safari hiyo alicheka lile cheko lake la kweli.

Juma lililofuata Mwaringa alikuja kwangu na leso mpya, jozi, na kopo la tumbaku ya kunusa, kwa kuwa langu liliachwa ndani ya ndege. Hakunipa mkononi. Aliviweka juu ya kigoda, akarudi nyuma mpaka ukutani, akatazama pembeni, akamwambia Kanze, "Mwambie mama nimemletea." Tulikuwa tumerudi mahali petu, na mimi nikapapenda kuliko zamani.

Lakini simu haina macho. Siku ambazo Kabibi yuko kwenye safari ya Malindi, ndege inapokaribia, Mwaringa huweka randa chini, akatoka nje ya karakana na kutazama tumbo la ndege. Wateja wamezoea kungoja. Wakiuliza anatazama nini, huwaambia, "Binti yangu anawaleta watu." Kisha hunipigia mimi, mwenyewe, bila mtu wa kati.

"Mama," husema, "yametoka yote matatu."