Kibanja cha Barabara ya Kilwa

Lori la Adelard lilivunja giaboksi Jumanne ya kwanza ya Septemba, saa kumi alasiri, pale Mtoni, mkabala na duka la mabati. Lilikuwa na shaba kutoka Kongo, likienda kwenye ghala moja upande wa Mbagala. Adelard alilisogeza kwa shida mpaka pembeni, nusu likabaki kwenye lami na nusu kwenye vumbi, akapiga honi mara mbili. Mkewe Genoveva alikuwa akianika nguo uani. Aliijua honi ile. Kutoka uani kwao hadi barabarani ni hatua mia tatu, akazitembea na kanga mbichi mkononi.

"Limenifia," Adelard akamwambia. "Niletee matawi."

Kila dereva huweka matawi barabarani gari linapomharibikia, ili wanaokuja nyuma wapunguze mwendo. Genoveva alirudi akamwomba mwenye nyumba wao, Bi Mwanabaraka, amruhusu kukata kwenye mwarobaini wa uani. Akakata sita, akayabeba kichwani kama kuni. Adelard akayapanga juu ya lami nyuma ya tela, kisha akampigia simu Fredrick, msimamizi wa magari wa tajiri mwenye lori.

Fredrick alisema giaboksi itatafutwa. Alisema pia kwamba dereva asibanduke kwenye gari, shaba ina wenyewe. Kila baada ya saa tatu atume picha amesimama kando ya sili, kile kifungo cha chuma chenye namba kinachofunga mlango wa kontena. Picha ikikosekana, itahesabiwa kwamba ametelekeza mzigo, na kesi ya mzigo huishia polisi. Posho, akamkumbusha, hulipwa gari likitembea. Lililosimama halina posho.

Adelard akarudisha simu mfukoni. Hakuwa amewahi kusaini mkataba ambao angeweza kuusoma upya. Alikuwa safarini siku ya thelathini na nane, kumi na tisa kati ya hizo kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, akilala amekaa, akioga kwa maji ya kununua kwa dumu. Miguu ilikuwa imemvimba hata viatu havifungiki kamba. Jioni ile alikula ubwabwa wa mkewe akiwa ameketi kwenye ngazi ya lori, akiutazama mlango wa nyumba yake upande wa pili wa barabara.

Genoveva alikuwa na kumbukumbu moja aliyoitunza kuliko nyingine. Miaka ya mwanzo ya ndoa yao, kabla hawajahamia Dar, Adelard aliendesha Fuso la mzee mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba, akibeba kahawa hadi Bukoba mjini na kurudi. Kila Jumamosi alikuwa nyumbani. Aliingia na harufu ya dizeli na kahawa kavu, akajifunika kanga usoni, akalala mpaka kengele ya kanisa ya Jumapili. Genoveva alipika taratibu, sufuria zisigongane. Hakujua wakati ule kwamba hayo ndiyo yalikuwa maisha yenyewe. Alidhani ni maandalizi.

Siku ya nne matawi yalishika mizizi. Genoveva aligundua alipotaka kusogeza moja lipishe bodaboda, likagoma kung'oka. Lami ilikuwa imepasuka kidogo kulizunguka, na chini yake udongo ulikuwa mwekundu. Askari wa trafiki alikuja akazunguka mara moja, akasema tahadhari ipo na inaonekana vizuri kutoka mbali, lakini yapogolewe yasije yakafunika taa za nyuma.

Siku ya tisa majani yakafunguka. Bi Mwanabaraka alivuka barabara kuyaangalia, mikono kiunoni.

"Huu si mwarobaini wangu," alisema. "Hii migomba."

"Ni nshakala, mama," Genoveva akajibu. "Ndizi za kupika za kwetu. Huku hazipo."

"Basi zikikomaa mniwekee chana. Mti ulikuwa wangu."

Migomba iliteremka kutoka kwenye lami hadi kwenye vumbi, ikapita nyuma ya duka la mabati bila kuligusa. Adelard alipata kazi ya kufanya. Alipogoa majani makavu, akayatandaza shinani kama alivyofundishwa utotoni, asiende mbali na pale anapoiona sili. Asubuhi moja alikuta mgomba ulioegemea mti wenye panda, na kwenye panda kulikuwa na utepe wa mpira wa baiskeli. Ule mpira aliufunga yeye mwenyewe akiwa darasa la sita, baba yake ameushika mgomba usianguke. Akamwambia mkewe kwamba hiki ni kibanja cha nyumbani, shamba lile lile linalozunguka nyumba ya wazee Kamachumu. Genoveva akasema ndiyo, hata yeye alishasikia mbuzi.

Wiki ya tatu Genoveva aliingia kukata jani la kufunikia chungu, akatokea nyuma ya jiko la mama mkwe wake. Ma Jovina alikuwa akichambua maharage. Genoveva akapiga magoti, akamwamkia, akaulizwa habari za Dar. Alikuwa hajafika kule miaka sita kwa sababu ya nauli. Akapewa maharage kibaba kimoja, akaingizwa ndani kumwona baba mkwe.

Ta Ansbert alikuwa kitandani tangu Pasaka. Alikonda, sauti ikabaki. Akamuuliza Adelard yuko wapi.

"Yuko hapo nje, baba. Yuko kazini."

"Hapo wapi?"

"Nyuma ya migomba."

Mzee akafikiri kidogo, akasema basi aingie, mtu hasimami nje ya nyumba ya baba yake.

Genoveva alirudi barabarani akakuta chai haijachemka, akayafikisha maneno hayo. Adelard alinawa mikono, akavaa shati, akaingia. Alifika kwenye mstari wa pili wa migomba, simu ikaita. Simu ya kazi huonyesha mahali ilipo, na Fredrick alikuwa ameiona.

"Dereva, mbona unasoma wilaya ya Muleba? Shaba ya watu inafanya nini Muleba?"

Adelard alieleza kwamba shaba ipo Mtoni, ni yeye tu aliyepiga hatua chache amwone mzee wake mgonjwa. Fredrick alisema anamwelewa, hata yeye ana wazazi, ila hili ni onyo la kwanza na la pili ni kufukuzwa. Genoveva akasema simu ibaki kwake. Lakini Fredrick alikuwa akipiga ya video saa yoyote, akitaka kuona uso wa dereva na sili kwa pamoja. Adelard akavua shati, akalikunja, akalirudisha kwenye begi.

Kwa siku sita alimsikia baba yake akikohoa. Upepo ukitoka upande wa migomba, kikohozi kilifika mpaka kwenye usukani. Genoveva ndiye aliyekuwa akienda na kurudi, akipeleka uji, akileta salamu. Mzee hakugombana. Kila mara aliuliza swali moja, kama mtoto wake bado yuko hapo nje, akiambiwa yupo anafumba macho.

Alifariki Jumatatu alfajiri. Kamugisha, mdogo wake Adelard, hakupiga simu. Alitoka kwenye migomba na kandambili zenye tope, akasimama mbele ya lori, kaka yake akamwona kupitia kioo, akajua.

Mazishi yalipangwa Alhamisi. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetangulia kutia udongo, na mpaka atie, wengine hawatii. Adelard aliomba ruhusa ya saa mbili. Fredrick alimpa pole. Alisema wenye shaba wanapiga simu kila siku, na kwamba yeye binafsi hana uwezo. Adelard akauliza nani anao. Fredrick akasema ni mfumo.

Usiku wa kuamkia Alhamisi Genoveva alimwambia mumewe aache kazi. Alimwambia polepole, kwa Kihaya. Adelard akamjibu kwamba akiacha sasa hataacha kazi tu, ataacha shaba, na mtu aliyeacha shaba hufungwa. 

Kwa hiyo Alhamisi msiba ulimfuata. Saa nane mchana migomba ilitikisika na jeneza likatoka, likiwa limebebwa na vijana wanane, nyuma yake mama, nyuma yake kwaya ya parokia na watu wa kijiji wapatao mia. Kule mvua ilikuwa ikinyesha. Walitoka wameloana, wakasimama kwenye jua la Mtoni huku nguo zikitoa mvuke. Nyayo zao nyekundu zilijaa kwenye lami. Trafiki alisimamisha magari ya upande mmoja, akaomba kwaya isogee kushoto. Bi Mwanabaraka alileta mkeka na birika la kahawa, akamshika Ma Jovina mikono yote miwili.

"Pole, shoga yangu. Kaa hapa, tela lina kivuli."

Jeneza likawekwa juu ya viti vya duka la mabati, hatua nne kutoka kwenye sili. Kamugisha alikuja na karai la udongo aliouchota kaburini. Adelard alikuwa amelivaa lile shati. Alichota udongo kwa mkono wa kulia, akausogeza mdomoni, akasema maneno ambayo Genoveva hakuyasikia, akautia kwenye jani la mgomba. Kamugisha akalifunga ili huo ndio utangulie kuingia kaburini. Kwaya ikaanza kuimba.

Saa tisa ikafika, saa ya picha. Adelard akamwomba mkewe ampige picha. Akasimama kando ya sili na mikono yenye udongo, nyuma yake jeneza, mama, kwaya. Genoveva akatuma. Jibu lilikuja kabla ubeti haujaisha: *Hao watu nyuma ya mzigo ni akina nani?* Adelard akaandika kwa kidole gumba: *Ni msiba wa baba.* Fredrick akajibu: *Pole sana. Waondoke.*

Hakuna aliyekasirika. Watu wa Kamachumu walikuwa wameshamaliza, na kaburi lilikuwa likijaa maji. Wakalibeba jeneza, wakaingia kwenye migomba mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mzee Didas, mtani wa marehemu, aliyeligonga tela kwa fimbo na kusema kwamba Ansbert alikuwa na ng'ombe mbishi, lakini hata yule alikuwa akifunguliwa kamba jioni. Wachache wakacheka. Adelard naye alicheka kidogo.

Ma Jovina alirudi saa kumi na mbili, baada ya kumzika mumewe. Aliketi kwenye ngazi ya lori, akavua viatu.

"Nyumba yako ni ipi?"

Adelard akamwonyesha kwa kidevu, upande wa pili wa barabara, mlango wa bluu.

"Ni ile pale?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini hujalala mle?"

Akahesabu kichwani. Safari iliyopita alipumzika kwa saa tano mchana, gari likipakia. Kabla ya hapo ilikuwa Idi, ila hakukumbuka ipi.

"Baba yako alikufa akiamini uko nje ya mlango wake," Ma Jovina alisema. "Nilidhani angalau mlango wako unauingia." Akavaa viatu, akavuka barabara akisaidiwa na Genoveva, akaingia chumbani. Akakung'uta godoro, akatandika shuka alilokuja nalo, jeupe lenye maua yaliyodariziwa pembeni, akachomekea kingo. Alisema hataondoka mpaka amwone mwanawe akilala juu yake japo usiku mmoja. Yeye alilala kwenye mkeka, chini.

Giaboksi ilifika Jumapili. Mafundi walilala chini ya lori mpaka Jumatatu adhuhuri, migomba ikiwapa kivuli. Alasiri shaba ikashushwa ghalani, sili ikakatwa, safari ikafungwa. Adelard akapiga simu kuomba siku tatu za msiba. Fredrick alisema msiba ulishazikwa, aliuona mwenyewe kwenye picha. Kuna kontena linasubiri bandarini, aingie foleni kabla ya saa moja. Malipo ya safari yatakuja, yakipunguzwa siku za kusimama.

Aliposimamisha lori Mtoni hakuzima injini. Genoveva alimpitishia begi dirishani, na chakula kwenye hotpoti. Walishikana vidole kidogo. Ma Jovina alisimama kwenye mlango wa bluu, hakupunga mkono. Lori likaondoka, na pale lilipokuwa limesimama kwa mwezi mzima pakabaki doa la oili na kibanja.

Watu wa barabara walikuja baadaye wakachora mstari mweupe kukizunguka. Bi Mwanabaraka alipata chana yake, na Desemba alikwenda Kamachumu mara moja kubadilisha hewa, akarudi akisema pazuri ila baridi. Madereva wengine wamesimama hapo siku nane, siku ishirini, na Genoveva huwapelekea maji ya kuoga.

Ma Jovina alilazimika kurudi kwake, mbuzi hawakuwa na mtu. Lakini kila Alhamisi hupita kwenye migomba na mwavuli, huvuka barabara, huingia chumbani na kusimama mbele ya kitanda. Shuka lipo vilevile, mikunjo ya pasi bado inaonekana.

"Amelala?" huuliza.

"Bado, mama. Yuko Kasumbalesa."

Ma Jovina huinama, hulinyoosha shuka mahali ambapo halijakunjamana, hunywa chai yake, kisha huwahi kurudi kabla mvua ya kule haijaanza.