Posa ya Kileleni

Mwenyekiti Pyo aliingia kwenye basi akiwa amevaa kama mtu anayehamia kwenye barafu. Koti jekundu la kuzuia upepo, miwani ya jua wakati jua lenyewe halijatoka, glavu, fimbo mbili za chuma, na begi lenye mikanda mingi kuliko punda wa mizigo. Tulikuwa tunakwenda Mlima Nokdan, kwenye hifadhi ya mkoa, mlima ambao kila Oktoba watoto wa chekechea hupandishwa wakiwa wameshikana mikono, wakaokote majani mekundu. Lakini ukimtazama yeye ungedhani serikali imeshaandaa helikopta ya kumtafuta.

Akakamata kipaza sauti. Kile kipaza sauti cha basi ni cha kuimbia, na watu wenye akili hukitumia wakati wa kurudi, pombe ya mchele ikishashuka vizuri. Yeye alikitumia alfajiri kutusomea kanuni za chama. Asitangulie mtu mbele ya kiongozi. Asibaki mtu nyuma ya katibu. Picha ya pamoja ni lazima, na kila mtu avue barakoa atabasamu.

Huyu bwana zamani alikuwa naibu meneja wa tawi la benki huko Cheongju. Alipostaafu akakosa wa kumwamuru, maana mke alishafariki na mtoto wake yuko ng'ambo hapokei simu. Ndipo akaanzisha chama cha kupanda milima cha majengo yetu ya fleti, akajiteua, akajipigia makofi. Sisi wengine tulijiunga kwa sababu ya chakula.

Aliyekaa pembeni yangu ni Pil-sun. Ananiita dada, ingawa hatukunyonya titi moja. Milango yetu inatazamana tangu wanangu wakiwa wadogo. Ni mjane, anauza vitoweo sokoni, na moyo wake ni mweupe mno kwa dunia hii. Basi lilipotoka mjini akaniinamia sikioni.

"Dada, leo ataniuliza."

"Atakuuliza nini?"

"Usijitie hujui."

Nilijua. Jengo zima lilijua. Mwenyekiti alikuwa akimletea mapeasi kila wiki, akiyabeba kwenye lifti kifua mbele utadhani kayalima mwenyewe.

"Na utamjibu nini?" nikamuuliza.

"Sijui bado. Nimesema nimtazame kwanza mlimani. Mtu akichoka hawezi kuficha tabia."

"Mimi nimemtazama kwenye lifti, imenitosha."

"Dada, na wewe."

"Na mimi nini? Mwanamume anayebonyeza kitufe cha kufunga mlango akikuona unakuja na mizigo, unataka kumpandisha mlima umjue? Ameshajieleza."

Akacheka huku akifunika mdomo kwa kiganja. Lakini niliona kwamba amejipaka rangi ya midomo, na Pil-sun hajapaka rangi ya midomo tangu amzike mumewe. Roho ikaniuma. Nikajiambia, huyu akichukuliwa na huyu kikoti chekundu, nitakuwa nakunywa chai na ukuta.

Tulipofika kwenye maegesho, mabasi yalikuwa yamejaa hadi barabarani. Nchi nzima ilikuwa imetoka kwenda kutazama majani. Watu wanafunga safari ya saa tatu kutazama majani yanakufa, wanayapiga picha, halafu mengine kama hayo yanawaangukia mlangoni kwao wanayafagia kwa matusi. Nikamwona Pil-sun anashuka ngazi za basi kwa kukanyagia visigino.

"Una nini?"

"Viatu vipya. Zawadi."

"Ya nani?"

Akatazama chini. Vilikuwa viatu vya mlimani vya zambarau, vya bei.

"Vinakubana."

"Kidogo tu, dada. Alitaka iwe siri, hakuniuliza namba. Muuzaji alimwambia wanawake wengi wanachukua hiyo."

"Basi angewaoa hao wanawake wengi," nikasema, na Pil-sun akanikanyaga mguu.

Tukaanza kupanda. Mwenyekiti mbele, fimbo zake zikigonga mawe ko ko ko, akimweleza Pil-sun namna ya kupumua. Mtu amepumua miaka hamsini na tisa bila msaada wake, leo anafundishwa. Mimi nilifuata nyuma yao, na kila nilipoweza nilimsemesha katibu kwa sauti ambayo Mwenyekiti angesikia. "Kiongozi wetu anahema vizuri leo," nilisema. "Hata kule chini kwenye choo wamemsikia." Katibu akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Sasa, watu wetu wana tabia moja. Ni watu wema, wanalipa kodi, wanainamiana kwa heshima, lakini mlimani ni waongo wote. Anayeshuka akikutana na anayepanda lazima amwambie, "Mmeshafika, dakika kumi tu." Utamkuta mtu ndiyo kwanza ametoka kwenye geti, ulimi nje, anaambiwa dakika kumi. Wanasema ni kumpa moyo. Pil-sun aliambiwa na bibi mwenye kofia ya maua kwamba ni dakika kumi, akafurahi. Tukapanda nusu saa. Akaambiwa na kijana mwenye mbwa kwamba ni dakika kumi. Mwenyekiti naye akaokota wimbo huohuo.

"Jikaze, Mama Da-on. Dakika kumi tu."

Da-on ni binti wa Pil-sun. Ukimwona mwanamume anataka kukuoa na bado anakuita kwa jina la mwanao, ujue anakuposa kwa barua rasmi.

Palipoanza ngazi za mbao, ngazi ndefu zinazopanda moja kwa moja hadi kwenye mwamba, Pil-sun akaketi juu ya jiwe. Hakulalamika. Aliketi tu, uso umempauka.

"Nipe dakika mbili, Mwenyekiti."

Mwenyekiti akatazama saa. Simu yake ikaita. Walikuwa wanachama waliotangulia kwa njia ya nyuma, maana kanuni zake hakuna anayezifuata. Wakamwambia foleni ya kupiga picha kwenye jiwe la kileleni ni ndefu, wamemshikia nafasi, aje upesi kabla watu hawajaanza ugomvi. Bila picha ya jiwe, kwa hawa wapanda milima, mtu hajapanda. Nimeona watu wazima wakisukumana pale kwa ajili ya jiwe lenye jina la mlima, na jina lenyewe lipo kwenye kila kibao tangu kwenye maegesho.

"Wewe pumzika," akamwambia. "Mimi nakwenda kushika nafasi, halafu nakuja kukuchukua. Ni dakika kumi tu kutoka hapa."

Akaenda. Ko ko ko, juu ya ngazi, wala hakugeuka.

Mimi, wacha niseme ukweli, nilifurahi kama niliyepata mgeni na nyama. Nikakaa mbele ya Pil-sun, nikatoa kisu, nikaanza kumenya tango.

"Umemwona? Ulisema unataka kumwona akichoka. Hata hajachoka, na ameshakuacha."

Alivua viatu vya zambarau, akavua na soksi. Visigino vyote viwili vilikuwa vimechunika, kidole kidogo kimevimba. Nikasonya.

"Hiyo ndiyo mahari yako hiyo."

"Amekwenda kushika nafasi, dada."

"Ameshika. Wewe ngoja tu, atakuletea na jani."

Akala tango. Watu walipita wakishuka na kupanda, wakatusalimia, wakatutia moyo. Baada ya muda akavaa soksi, akaviweka viatu miguuni bila kufunga kamba, akashika reli.

"Nadhani naweza polepole."

"Unaweza nini? Kaa. Huko juu bado sana, usiwasikilize hawa. Mwache arudi mwenyewe, tumtazame atakuja na uso gani."

Akakaa. Nikamenya tango la pili. Nilisema mengi. Nilimkumbusha sherehe ya mwaka mpya, Mwenyekiti alivyojipakulia mbavu za ng'ombe mara tatu halafu akahutubia juu ya kujinyima. Nilimwigiza anavyotembea. Mzee mmoja aliyekuwa akipumzika karibu nasi alicheka mpaka akakohoa. Muda ukapita, saa nzima, Mwenyekiti hajaonekana.

Kisha simu zetu zikalia kwa pamoja. Ilikuwa picha kwenye kundi la chama. Mwenyekiti Pyo kasimama kando ya jiwe la kileleni, kifua mbele, ameshika bango la kitambaa kwa mikono miwili. Limechapishwa kwa herufi kubwa na maua pembeni: PIL-SUN, NIKUBALI. Chini yake, tarehe ya siku ile.

Jumbe zikaanza kumiminika. Hongereni sana. Harusi lini? Mwingine akauliza, bibi harusi yuko wapi, mbona hayumo? Mwingine akamjibu, anaona haya.

Nilicheka hadi machozi. Nilijishika mbavu, nikaegemea reli. Mtu ameposa jiwe! Pil-sun aliitazama picha ile muda mrefu, hakucheka hata kidogo, akaiweka simu mapajani.

Ko ko ko. Mwenyekiti akashuka, bango limekunjwa kwapani, uso umemwiva kwa ushindi na pombe aliyonyweshwa huko juu.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona," Pil-sun akasema. "Ulisema unakuja kunichukua."

"Nilitaka. Lakini foleni ilikuwa inasogea, na nyuma yetu kulikuwa na kundi la kutoka Daegu, watu wakorofi. Ningetoka ningepoteza nafasi."

"Kwa hiyo ukaniposa sipo."

"Bango lina tarehe ya leo, Mama Da-on. Kesho lisingefaa." Alisema hivyo kwa upole kabisa, akimweleza kama mteja asiyeelewa fomu. "Sasa unasemaje? Wanachama wanangoja jibu."

Nikamtazama Pil-sun, nikingoja amchambue kama karanga. Yeye akauliza jambo jingine.

"Kutoka hapa hadi juu ni umbali gani?"

"Dakika kumi. Si nilikwambia?"

"Za kweli au za mlimani?"

"Za kweli. Ngazi zinapoishia, ndipo hapo."

Pil-sun akanigeukia. "Dada, ulisema bado sana."

"Ningejuaje mimi? Nilikuonea huruma, miguu yako hiyo."

"Unavaa namba gani?"

Nikadhani sikusikia vizuri. "Ya nini?"

"Ya viatu."

Namba yangu anaijua. Kwenye msiba wa mume wake alivaa viatu vyangu vyeusi siku zote tatu, maana hakuwa na vyake. Tunavaa sawa, hata unyayo wake ni mpana kama wangu. Nikatazama miguuni kwangu. Viatu vyangu vya zamani, laini, vilivyokwisha kuzoea mguu.

"Saa nzima," akasema, "umekaa mbele yangu na viatu vinavyonitosha, unanimenyea tango."

Nikainama, nikaanza kufungua kamba. Kamba zikagoma.

"Acha, dada. Yeye alitaka nifike ili apige picha. Wewe ulitaka nisifike ili upate la kusema." Alisema taratibu, bila ukali, na afadhali angenizaba kibao. "Mimi miguu yangu hakuna aliyeiuliza."

Akavua viatu vya zambarau, akavipanga vizuri juu ya jiwe, akashika reli na kupanda na soksi zake. Watu waliokuwa wakishuka walimpisha. Mwenyekiti akamwita, "Mama Da-on, basi linaondoka saa tisa kamili!" Hakugeuka.

Nilitaka kumfuata. Nilisimama kiatu kimoja mkononi, kingine mguuni, na maneno yote niliyokuwa nayo asubuhi hayakuwepo. Mwenyekiti akakaa kwenye jiwe, karibu na viatu alivyonunua. Mimi nikakaa upande wa pili.

Simu zikalia. Mwenyekiti miwani yake ya kusomea ilikuwa ndani kabisa ya begi, kwa hiyo akanisogezea simu yake nimsomee. Ilikuwa picha ya Pil-sun kando ya jiwe, soksi zimejaa udongo, nywele zimetimka, anacheka kwa mdomo wazi bila kuufunika. Sijui nani aliyempiga picha. Chini yake alikuwa ameandika: Nimefika. Basi lisiningoje, nitarudi kivyangu.

"Anasemaje?" Mwenyekiti akauliza. "Ni ndiyo au siyo?"

"Ni siyo," nikamwambia.

Akatikisa kichwa polepole, akaanza kulikunja upya lile bango. Sikumwambia kwamba tumejibiwa wote wawili.